Hisabati: Kompyuta isaidie, mwalimu asikilize

Mafunzo mseto yanaweza kuwafaa wanafunzi wa Pumwani, lakini si kwa kuwapa simu na kuwaacha peke yao

KILA mwaka matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, mzazi wa Majengo, Shauri Moyo au Eastleigh hutazama mambo mawili. Kwanza ni gredi ya jumla. Pili ni gredi ya hisabati. Anajua kwamba mtoto anaweza kufanya vyema katika Kiswahili, Historia na Dini, lakini akipata D katika hisabati, milango mingi hufungika mbele yake. Uhandisi humpita, udaktari humpita, uhasibu humpita, na hata kozi kadhaa za ufundi humtazama kwa jicho la pembeni.

Wala mtu asidhani kwamba mtaala mpya umemwondolea mtoto mzigo huu. Mnamo Aprili 2025, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza kuwa kila mwanafunzi wa Sekondari Pevu atasoma hisabati: ya kina kwa wale watakaochagua mkondo wa sayansi na teknolojia, na nyepesi kidogo kwa wengine. Mtihani wa mwisho wa KCSE unatarajiwa kufanywa mwaka wa 2027. Hisabati itabaki.

Katika miaka ya karibuni wazazi wamekuwa wakiambiwa kuwa dawa ya tatizo hili ni teknolojia. Kuna video za kila mada, kuna programu za mazoezi, kuna masomo ya redio na runinga. Wataalamu wa elimu wana jina la mpango unaounganisha vitu hivi na darasa la kawaida: mafunzo mseto. Maana yake si ngumu. Mwanafunzi hujifunza sehemu moja ya somo kwa kutumia mashine, na sehemu nyingine ana kwa ana na mwalimu, huku sehemu hizo mbili zikitegemeana kama chapati na mchuzi.

Je, dawa hii inaufaa mtaa kama Pumwani, ambako familia nyingi zinaishi katika chumba kimoja na simu ya nyumbani ni ya mama anayeondoka alfajiri kwenda Gikomba? Jibu ni kwamba inaweza kufaa sana, maadamu tuelewe ni nini hasa kinachomponya mwanafunzi. Si mashine yenyewe. Ni wakati ambao mashine inampa mwalimu wa kuliona kosa la kila mtoto.

Si jambo geni

Huenda jina ni jipya, lakini Wakenya walianza kuchanganya njia za kufundisha kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Mwaka wa 1967, Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianzisha kitengo cha masomo kwa njia ya posta. Wengi walionufaika walikuwa walimu wa shule za msingi ambao hawakuwa wamepata elimu ya sekondari. Walisoma vijitabu vilivyotumwa kwa posta, wakasikiliza vipindi vya redio, wakatuma kazi zao zisahihishwe, kisha wakati wa likizo wakakutana na wakufunzi ana kwa ana.

Tazama jinsi mpango huo ulivyopangwa. Redio haikuachiwa kazi yote. Nyuma ya kila kipindi kulikuwa na mtu aliyesoma daftari la mwanafunzi na kuandika kando yake pale alipopotea.

Linganisha na yale yaliyotokea mwaka wa 2020. Shule zote zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilipeleka masomo hewani kupitia redio, runinga na intaneti, na ilistahili shukrani kwa hilo. Mwezi wa Mei, Eastleigh ikafungwa kabisa, watu wasiingie wala kutoka. Watahiniwa wa kidato cha nne walirejea madarasani tarehe 12 Oktoba, na wengi wa wenzao wakangoja hadi Januari 2021.

Katika miezi hiyo, mwanafunzi aliyekuwa na redio alisikia somo la logarithimu. Lakini aliposhindwa kuelewa, alimuuliza nani? Ule haukuwa mseto. Ulikuwa nusu ya mseto, nao wali bila mboga humshibisha mtu kwa shida.

Sekunde kumi na nane

Ili kuelewa faida ya mpango huu, hebu tufanye hesabu ndogo. Kipindi cha shule ya upili ni dakika 40. Chukua darasa la wanafunzi 50, idadi isiyomshangaza yeyote anayezijua shule za kutwa za Eastlands. Tuseme mwalimu anatumia dakika 25 kueleza mada na kutoa mfano ubaoni. Zinabaki dakika 15, yaani sekunde 900. Ukizigawanya kwa wanafunzi 50, kila mmoja anapata sekunde 18.

Katika sekunde 18 mwalimu ataweza kutia alama ya kosa na kupita. Hataweza kuuliza, "Umefikaje hapa?"

Sasa tuseme maelezo yale ya dakika 25 yamerekodiwa, na wanafunzi wameyatazama jana jioni wakiwa na daftari mkononi. Mwalimu akiingia darasani ana dakika zote 40 za kupita kati ya madawati. Kila mwanafunzi sasa ana sekunde 48. Si nyingi, lakini ni karibu mara tatu ya zile za kwanza. Tena wengi hawatazihitaji, kwa hivyo yule aliyekwama anaweza kukaliwa kwa dakika tatu au nne.

Njia hii ya kugeuza darasa, maelezo yakatangulia nyumbani na mazoezi yakafanyiwa shuleni, ilipata umaarufu kupitia walimu wawili wa kemia, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, waliokuwa wakifundisha katika mji mdogo wa jimbo la Colorado nchini Marekani. Mwaka wa 2007 walianza kurekodi masomo yao kwa ajili ya wanafunzi waliokosa kuhudhuria. Wakagundua kwamba hata wale waliohudhuria waliyataka.

Kosa lina sababu yake

Kwa nini tunasisitiza kuonwa kwa kosa? Kwa sababu katika hisabati mwanafunzi hakosei ovyo. Kosa lake lina mantiki, ila ni mantiki iliyopinda.

Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili afungue mabano ya (x + 3)². Wengi wataandika x² + 9. Programu ya kompyuta itamwambia amekosea na kumwonyesha jibu sahihi, x² + 6x + 9. Mwanafunzi atalinakili, ataendelea, na wiki ijayo atarudia kosa lilelile, kwa sababu moyoni anaamini kuwa alama ya kipeo hugawiwa kila mtu ndani ya mabano kama peremende.

Mwalimu aliye na nafasi humuuliza swali moja tu: "Tia 2 mahali pa x, kisha unipe majibu mawili." Mwanafunzi anapata kwamba 2 na 3 ni 5, na kipeo cha pili cha 5 ni 25. Kwa njia yake mwenyewe anapata 4 na 9, jumla 13. Zile 12 zimekwenda wapi? Hapo mwalimu huchora mraba wenye upande wa x na 3, akaugawanya vipande vinne: mraba mkubwa wa x², mraba mdogo wa 9, na mistatili miwili ya 3x kila mmoja. Mwanafunzi anaiona kwa macho yake ile 6x aliyoipoteza. Hataisahau tena.

Mazungumzo hayo huchukua dakika tatu. Ndiyo dakika tatu ambazo mafunzo mseto yanapaswa kuzinunua. Programu nzuri nayo ina kazi yake: humpa mwanafunzi mazoezi ishirini ya aina ile bila kuchoka, humsahihisha papo hapo, na humpelekea mwalimu orodha ya waliokwama na swali lililowakwamisha. Hivyo mwalimu anaingia darasani akijua pa kuanzia.

Utafiti wasemaje?

Wapo wanaosema kwamba haya yote ni maneno matamu ya wauzaji wa kompyuta. Wana haki ya kutilia shaka. Nchini Peru serikali iligawa laki kadhaa za kompyuta ndogo kwa watoto wa shule, na watafiti waliochunguza mpango huo walitangaza mwaka wa 2012 kwamba alama za hisabati hazikupanda. Watoto walipewa mashine, lakini mafundisho yalibaki yaleyale.

Matokeo ni tofauti pale mashine na mwalimu walipofungwa nira moja. Shirika la utafiti la RAND la Marekani lilichunguza programu moja ya aljebra katika shule 147 za majimbo saba, na ripoti ikatoka mwaka wa 2014. Mpango ulikuwa siku tatu kwa wiki na mwalimu darasani, na siku mbili kwenye kompyuta. Mwaka wa kwanza haukuonyesha faida yoyote. Mwaka wa pili, katika shule za upili, mwanafunzi wa wastani, yaani wa 50 kati ya 100 ukihesabu kutoka chini, alipanda hadi karibu nafasi ya 58. Funzo hapa ni subira. Walimu walihitaji mwaka mzima kuuzoea mpango.

Karibu zaidi na hali yetu ni utafiti wa Delhi, India, uliochapishwa mwaka wa 2019. Watoto wa mitaa ya watu wa kipato cha chini walichaguliwa kwa bahati nasibu kuhudhuria vituo baada ya saa za shule. Kila siku walikaa dakika 45 kwenye kompyuta iliyowapa maswali ya kiwango chao halisi, na dakika nyingine 45 katika kikundi kidogo pamoja na mwalimu msaidizi. Baada ya miezi minne na nusu, maendeleo yao katika hisabati yalikuwa zaidi ya mara mbili ya wenzao waliokosa nafasi. Watafiti waligundua pia kwamba wanafunzi wengi walikuwa nyuma ya darasa lao kwa miaka miwili au zaidi. Mwalimu wa kidato cha kwanza alikuwa akifundisha aljebra, nao walikuwa bado wanahangaika na sehemu.

Na hata bila kompyuta, mseto unawezekana. Wakati wa Covid-19 nchini Botswana, zaidi ya familia 4,500 zilishirikishwa katika jaribio la hesabu za shule ya msingi. Baadhi zilitumiwa ujumbe mfupi wa maswali kila wiki. Nyingine zilitumiwa ujumbe huohuo na pia zikapigiwa simu ya takriban dakika 20, mwalimu akizungumza na mzazi na mtoto pamoja. Ujumbe peke yake haukusaidia sana. Ujumbe na sauti ya mtu ulisaidia. Jaribio hilo lilirudiwa baadaye katika nchi tano, Kenya ikiwemo.

Kwa jumla, tafiti hizi zinakubaliana: anayeleta tofauti ni binadamu anayefuatilia, naye mashine humrahisishia kazi.

Nyumba ya chumba kimoja

Hapa ndipo tunaporudi Pumwani. Mtaa huu ulianzishwa mapema katika miaka ya 1920 kama makao ya Waafrika jijini, na nyumba nyingi za Majengo zilijengwa kwa mtindo wa Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kila chumba kikipangishwa kivyake. Familia nzima hupika, hula na kulala humo. Jirani ana redio, jirani mwingine ana mgonjwa, na mtoto mchanga analia.

Ukimwambia mwanafunzi wa hapa, "Kalitazame somo nyumbani kwa utulivu," utakuwa umemdhihaki. Simu aliyonayo mama huenda haina bando. Msichana akitoka shule anangojwa na maji, jiko na wadogo zake. Wengi, wavulana kwa wasichana, wanakwenda madrasa jioni au mwishoni mwa juma. Nusu ile ya mseto inayoitwa ya nyumbani, huku haina nyumba.

Suluhisho si kuutupa mpango, bali ni kuhamisha nusu hiyo. Ifanyiwe shuleni kabla ya lango kufungwa, au maktabani. Maktaba ya Kaloleni na ile ya Makadara, ambazo ni matawi ya Maktaba ya McMillan, zilikarabatiwa katika miaka ya karibuni kwa juhudi za shirika la Book Bunk pamoja na serikali ya kaunti. Kaloleni si mbali na Shauri Moyo. Misikiti, makanisa na kumbi za jamii nazo zina meza na viti vinavyokaa bure siku nyingi za wiki.

Gharama ya intaneti pia ina njia. Ipo programu ya bure iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality ili kutumika mahali pasipo na intaneti. Shule hupakua video na mazoezi mara moja tu, yakawekwa katika kompyuta moja, na kompyuta au simu nyingine zilizo karibu zikayasoma humo bila kulipia bando. Kompyuta nane zilizotumika, zikikaliwa na wanafunzi wawili wawili, hutosha kikundi cha wanafunzi 16. Darasa la 48 likigawanywa mara tatu, kikundi kimoja huwa kwenye kompyuta, kingine kinafanya mazoezi ya karatasi, na cha tatu kiko na mwalimu, kisha wanabadilishana. Wanafunzi 16 si wachache, lakini mwalimu anaweza kuyaona madaftari yote.

Bati la Kamukunji

Faida nyingine ya kuokoa muda wa darasani ni kwamba hisabati inaweza kutoka ubaoni ikaingia mtaani. Nani asiyewajua mafundi wa jua kali wa Kamukunji, wanaogonga bati kutwa kucha wakitengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni, majiko na mikebe? Wao wanatumia jometri kila saa.

Mwalimu awape wanafunzi swali hili. Fundi ana kipande cha bati chenye urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 60. Anataka kukikunja kiwe pipa, kitako atakiweka kwa bati jingine. Anaweza kukikunja ili kimo kiwe sentimita 60, au ili kimo kiwe sentimita 100. Je, mapipa hayo mawili yatachukua maji sawa?

Wengi watajibu ndiyo, kwa kuwa bati ni lilelile. Wacha wakunje karatasi za manila, wajaze mchanga, wapime, kisha ndipo wapige hesabu. Watakuta pipa fupi linachukua karibu lita 48, na lile refu karibu lita 29. Tofauti ni ndoo moja nzima kwa bati lilelile! Fomula waliyoitazama kwenye video jana sasa ina uzito mkononi.

Mradi wa SMASSE, ulioanzishwa mwaka wa 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani, ulihimiza hasa mafundisho ya aina hii: vitendo vya wanafunzi, na vifaa vya kujitengenezea badala ya vya kununua. Walimu wengi walipata mafunzo hayo. Kilio chao kilikuwa wakati. Mafunzo mseto yakifanywa vizuri yanaweza kuwapa wakati huo.

Mzazi afanye nini?

Huenda mzazi akasema, "Mimi hisabati iliniponyoka zamani, nitamsaidiaje?" Huhitaji kuijua. Yapo manne unayoweza kufanya.

Kwanza, usimnunulie mtoto simu ukidhani umemnunulia mwalimu. Simu ikiwepo, iwe na saa yake na kazi yake, na daftari liwe wazi kando yake. Anayetazama video bila kalamu mkononi anatazama sinema.

Pili, mwombe akuoneshe kosa moja alilofanya wiki hii na akueleze alivyolirekebisha. Akishindwa kukueleza, bado hajaelewa, hata kama jibu ni sahihi.

Tatu, katika mkutano wa wazazi usiulize tu shule ina kompyuta ngapi. Uliza zinafunguliwa saa ngapi, ni nani anayesoma orodha ya waliokwama, na anawafanyia nini siku inayofuata. Shule yenye kompyuta arobaini chini ya kufuli haijaishinda ile yenye nne zinazotumika.

Nne, mpunguzie binti kazi za jioni angalau siku mbili kwa wiki, na kaka yake azishike. Hisabati haichagui jinsia, ila muda wa kuisoma mara nyingi huchagua.

Kwa wanafunzi wenyewe, neno ni moja. Usilifiche kosa lako. Usilifute haraka kabla mwalimu hajaliona, wala usinakili jibu la kompyuta ili alama iwe ya kijani. Lile kosa ndilo ramani ya pale unapopaswa kufundishwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Na mficha kosa, katika hisabati, hapiti.